Vipimo vya Mama Kimya

Kila asubuhi, kabla ya kunawa uso, kabla hata ya kuuliza kama maji ya chai yamechemka, mama mdogo hutundika tepu shingoni. Ni ile tepu ya kupimia nguo, ya manjano, upande mmoja inchi, upande wa pili sentimita, namba tatu za mwanzo zimefutika kwa kushikwashikwa. Anaivaa kama wengine wanavyovaa mkufu. Siku moja alikwenda nayo msibani. Jirani akamvuta pembeni, "Fundi, shingoni." Akajibu, "Iache. Marehemu nilimshonea miaka kumi, nikija bila tepu hatanijua."

Mtaani wanamwita Mama Tepu. Mimi namwita mama mdogo kwa kuwa ni mdogo wa mama yangu wa kunizaa. Nilikuja kwake nina miaka kumi na moja, mama alipofariki, na shule yangu ikaishia hapo, darasa la tano. Sasa nina kumi na saba. Najua kutia vifungo, kupinda upindo, na kunyamaza.

Mama mdogo alifundishwa ufundi na mzee mmoja ambaye mwaka wa kwanza hakumruhusu kugusa mkasi. Alifagia vipande vya nyuzi tu, na kusoma tepu. Yule mzee alikuwa na neno moja alilolirudia mpaka likachosha: "Kisichopimwa ni porojo." Mteja akisema amenenepa, mpime. Akisema amekonda, mpime. Macho yalipomwisha alimwachia cherehani yake, ile nyeusi ya kukanyaga kwa miguu, na hiyo ndiyo iko mpaka leo kwenye chumba cha mbele, dirishani, pamoja na meza ya kukatia, kioo kilichopasuka kona, na msumari mrefu wa kutundika nguo zilizokwisha. Chumba hicho kimoja ndicho sebule yetu na ndicho kazi yetu. Ukimtoa mama mdogo pale, umemtoa kwenye mkate wake.

Mume wake, baba mdogo, ni mtunza ghala. Nje asali, ndani shubiri. Akipita mtaani anasalimia mpaka mbuzi. Watoto anawapa peremende, wazee anawabebea mizigo, na huvaa mkanda mpana wenye bizimu kubwa la shaba, kona moja imekatika. Anaupenda mkanda ule. Mama mdogo alilazimika kushona vitanzi vipana kwenye kila suruali yake ili upite.

Sitaandika kila kitu. Nitaandika redio. Kabla ya kufungua mkanda, baba mdogo alikuwa anaongeza sauti ya redio. Saa kumi na moja jioni, amerudi kazini, hata viatu hajavua, redio inapanda juu. Majirani walijua ratiba yetu kwa njia hiyo. Mmoja alisema kisimani, "Leo wale wamesikiliza habari mara mbili." Wakacheka, halafu wakaona niko pale na ndoo yangu, wakaacha.

Mara tatu mama mdogo alikimbilia kwa kaka yake mkubwa, mjomba wangu. Mara tatu akarudishwa. Mara ya tatu mjomba alimrudisha mwenyewe, amembebea begi, akamkabidhi mlangoni kama anarudisha sufuria ya kuazima. "Shemeji, mkeo huyu hapa. Dada, ndoa ni kuvumiliana." Baba mdogo akamkaribisha chai. Walikunywa, wakaongea mpira.

Sasa nije kwenye daftari. Mama mdogo ana daftari nene la jalada gumu, kila mteja na ukurasa wake: mabega, kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono. Majina haandiki, anaandika alama anazozijua yeye. "Mwalimu Mguu Mfupi." "Muuza Mkaa, tumbo linaongezeka." "Bibi Haraka." Kazi yangu ilikuwa kumsomea namba wakati anakata, kwa hiyo wateja wote niliwajua. Isipokuwa mmoja, ukurasa wa nyuma kabisa, aliyeandikwa "Mama Kimya." Vipimo vyake vilikuwa kama vya mteja yeyote, lakini chini yake kulikuwa na orodha ndefu ya viraka, kila kimoja na tarehe. "Kiraka, mkono wa kushoto juu ya kiwiko, inchi tatu kwa mbili, zambarau." "Kiraka, paja, mstatili, inchi mbili kwa moja na nusu, kona moja haipo." Rangi ilibadilika kwa siku: zambarau, kijani, manjano.

Nikamuuliza, "Mama mdogo, huyu Mama Kimya mbona haji kuchukua nguo yake?"

"Haijaisha. Ukurasa huo usiufungue."

Wiki ile ile aliniomba nimfunge zipu mgongoni. Nikaona mstatili, na kona moja haipo. Nilifunga zipu. Naye hakugeuka. Lakini kuanzia siku hiyo hakuniambia tena nisifungue ukurasa wa nyuma.

Halafu likaja lile la bega. Mfupa wa mtulinga ulivunjika, wa kushoto. Hospitali walimuuliza imekuwaje, baba mdogo yuko pale ameshika koti lake kwa upole, mama mdogo akasema, "Nimeanguka ngazini." Wakaandika. Nyumba yetu haina ngazi. Ina kizingiti kimoja, nacho kimelika mpaka kimelingana na sakafu.

Mfupa uliunga vibaya. Miezi miwili baadaye alikuja mteja, mwanamke mrefu wa miwani minene, anataka sketi ya kazini. Mama mdogo alimzungushia tepu kiunoni, kisha akashindwa kuinua mkono wa kushoto kufika mabegani.

"Fundi, leo unanipima kwa mkono mmoja?"

"Wa pili uko likizo."

"Likizo hiyo nani kaisaini?"

Mama mdogo aliangalia dirishani. Pini zilikuwa mdomoni mwake, akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye mto wa pini. Mimi nilikuwa chini, natia kifungo. Nilisikia uzi unapita kwenye kitambaa.

"Mume wangu," akasema.

Yule mama alikuwa msaidizi wa sheria. Ofisi yao iko nyuma ya posta, chumba kimoja, mabenchi mawili, haina hata kibao. Sisi tukamwita Miwani, mbele yake na nyuma yake, hakukasirika. Alieleza taratibu kama mtu anayefundisha kushona kola. Mahakama inaweza kutoa amri ya ulinzi. Amri inamkataza mume kukugusa, kukutishia, kukusogelea. Inaweza kumtoa yeye nyumbani, wewe ubaki. Hulipii kuomba. Ya muda inaweza kutoka siku hiyo hiyo, kisha mnaitwa wote wawili msikilizwe.

"Yeye ndiye atoke?" mama mdogo aliuliza. "Mimi nibaki na cherehani?"

"Wewe ndiye uliyepigwa. Kwa nini uwe wewe wa kubeba begi?"

Mama mdogo alicheka. Ni kicheko nilichokuwa sijakisikia tangu nije, kikavu, kama kitambaa kipya kinachochanwa. "Miaka tisa nabeba begi," akasema. "Hakuna aliyeniambia kwamba begi lina mwenyewe."

Amri ya muda ilitoka Jumanne. Askari wa kike wa dawati la familia alikuja nayo, akamsomea baba mdogo pale mlangoni. Baba mdogo alitabasamu muda wote. Alichukua nguo zake, redio yake, akaenda kukaa kwa mfanyakazi mwenzake. Akipita dirishani alisema taratibu, "Utaita mwenyewe." Mama mdogo alikanyaga cherehani. Hakuwa anashona kitu, sindano haikuwa na uzi. Alikanyaga tu mpaka hatua za mumewe ziliposikika mbali.

Siku ya kusikilizwa, baada ya wiki mbili, aliniambia nibebe daftari. Chumba cha mahakama kilikuwa na feni isiyozunguka na benchi linalobana suruali za watu kwenye ufa. Hakimu alikuwa mwanamume mwenye mafua, koti lake mkono wa kushoto umepita wa kulia, na nilijua mama mdogo ameshaliona. Baba mdogo alikuja amenyoa, amechomekea, na mkanda wake wa bizimu umeng'aa.

Aliongea vizuri. Lazima niseme ukweli, aliongea kama mtu anayesoma risala. Alimwita hakimu mheshimiwa, mkewe akamwita mwenzangu. Kisha akatoa karatasi ya hospitali. "Mheshimiwa, maneno yake mwenyewe. Ameanguka. Mimi ndiye niliyempeleka, mimi ndiye niliyemshikia koti."

Hakimu akasoma, akapenga kamasi, akamwangalia mama mdogo. "Haya maneno ni yako?"

"Ni yangu. Niliyasema yeye amesimama kichwani pangu."

"Una kingine chochote zaidi ya maneno?"

Miwani akanigusa, nikatoa daftari. Hakimu alifungua ukurasa wa nyuma, akasoma muda mrefu. Baba mdogo alinyoosha shingo, akaona, akacheka.

"Mheshimiwa, hilo ni daftari la wateja. Mke wangu ana wateja mia. Huyo ni Mama Kimya, sijui ni nani, ana viraka vyake. Sasa nguo za watu na mimi wapi na wapi?"

Watu wawili benchi la nyuma wakaguna. Hakimu akauliza, "Mama, huyu Mama Kimya ni nani?"

"Ni mimi."

"Kwa nini hukuandika jina lako?"

"Ningeandika jina langu angelichana. Yeye hachani kazi za watu. Anajua wateja watakuja kudai."

"Nitajuaje kuwa ni wewe?"

Hapo niliona kosa lake. Alijificha vizuri mno. Mumewe hakumwona, na mahakama nayo ikawa haimwoni. Miwani alianza kuinuka, lakini mama mdogo alishavua tepu shingoni.

"Kisichopimwa ni porojo," akasema. "Nipimwe."

Karani alikuwa dada mmoja kijana, akaambiwa ashike tepu. Aliishika kama nyoka. Mama mdogo akamwelekeza, mgongo umenyooka, sauti ileile anayonisemesha mimi nikikosea upindo. "Anzia mfupa wa shingo, dada. Sio hapo, hapo ni kola. Haya, nyoosha mpaka ncha ya bega. Usivute, tepu sio kamba ya mbuzi. Soma."

"Kulia, inchi tano."

"Kushoto."

"Nne na nusu." Karani akapima tena. "Nne na nusu, mheshimiwa."

Hakimu akapitisha kidole kwenye ukurasa. Mabega ya Mama Kimya: tano na tano. Halafu tarehe tisa, siku ya ile karatasi ya hospitali. Halafu, wiki sita mbele, kwa wino mwingine: kulia tano, kushoto nne na nusu, mfupa umeunga vibaya. Karani akaendelea kupima: kifua kilikubali. Kiuno kilikubali. Urefu wa mkono ulikubali mpaka robo inchi.

"Kuanguka nako kunavunja bega," alisema baba mdogo. Hakucheka safari hii.

"Kweli," alisema mama mdogo. "Sasa dada, mpime yeye mkanda."

Baba mdogo alishika bizimu kwa mikono miwili, kama mtu aliyeshikwa na tumbo. Hakimu akamwambia auvue, auweke mezani. Karani akapima. Inchi mbili kwa moja na nusu. Kona moja haipo. Kwenye daftari mstatili ule uliandikwa mara kumi na moja, kwenye paja, mgongoni, ubavuni, kila mmoja na tarehe yake.

"Mikanda iko mingi, mheshimiwa," baba mdogo alisema, akishikilia suruali.

"Iko mingi," hakimu akakubali. "Lakini leo simfungi mtu. Kesi ya jinai ina siku yake na ushahidi wake. Leo nauliza jambo moja tu, kama huyu mama ana sababu ya kuogopa." Akafunga daftari polepole. "Anayo."

Amri ikawa ya mwaka mmoja. Nyumba ya mama mdogo, kazi ya mama mdogo, na baba mdogo asimsogelee popote alipo. Tukitoka, mama mdogo alisimama mbele ya meza kupokea nakala yake. "Mheshimiwa," akasema, "mikono ya koti lako, aliyekushonea amekuibia nusu inchi upande wa kulia." Hakimu akajitazama, akakohoa. Karani aliinamisha kichwa, mabega yanatikisika.

Nje Miwani hakusherehekea. "Amri ni yako, fundi. Watakaokuja sasa hawatakuja na mkanda. Watakuja na karatasi uisaini, uombe ifutwe. Na akikusogelea, usibishane naye. Nenda kituoni moja kwa moja."

Haikupita wiki. Mjomba akatuma ujumbe: njoo Jumapili mchana, tuyamalize kifamilia. Nilimwambia mama mdogo, "Usiende." Ni mara chache natoa rai. Akasema, "Kaka kanilea. Nitakwenda nimsikie, asije akasema nilimkimbia." Akatundika tepu, tukaenda.

Sebule ya mjomba yote ni kazi ya mikono yake. Vitambaa vya makochi alishona yeye, foronya alishona yeye, na lile pazia zito la kahawia linalotenga sebule na vyumba alilipima na kulitundika yeye, mwaka wa mvua nyingi. Tulimkuta mjomba, mkewe, na shangazi yao, mwanamke mzee ninayemwita bibi. Mama mdogo aliwekewa kigoda. Makochi yalikuwa wazi, lakini aliwekewa kigoda.

"Dada," mjomba alianza, "umemwanika mwenzio mbele za watu. Mwanamume anashika suruali mahakamani! Kazini wanamwita Bizimu."

"Jina zuri," alisema mama mdogo. "Sikumpa mimi."

"Unaona, wifi?" mke wa mjomba akadakia. "Mdomo huo ndio unaokuponza."

"Wifi, kama mdomo ndio ulioponza, bega limeingiaje?"

Bibi akakohoa, wote wakanyamaza kumpisha. "Mwanangu," alisema, "sisi wote tumepitia. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Shangazi, nimelifunika miaka tisa. Mwanaharamu hajapita. Kakaa, kavua viatu, anaomba chai."

Bibi alifumba mdomo kwa nguvu, lakini nilimwona. Alikuwa anazuia kicheko.

Mjomba akasukuma karatasi mezani, na kalamu juu yake. Ilikuwa imeshapigwa chapa. Mimi fulani, nimesameheana na mume wangu, naomba amri iondolewe. "Weka sahihi, dada. Yaishe. Usiposaini, huna kaka."

Hapo ndipo nilipoogopa kwamba atasaini, kwa sababu nilijua mama mdogo alivyompenda kaka yake. Ndiye aliyempeleka kwa yule mzee fundi, akamshika mkono njia nzima. Mama mdogo alichukua karatasi. Akaiangalia. Akavua tepu, akaipima, urefu kisha upana, bila haraka.

"Inchi kumi na moja na robo tatu, kwa nane na robo," akasema. "Haitoshi kunifunika hata bega."

"Unafanya mchezo?"

Macho ya mama mdogo yalikuwa yametoka kwenye karatasi yamekwenda sakafuni, kwenye pazia. Nikatazama anapotazama. Pazia lile lilikatwa liguse sakafu sawasawa, mama mdogo hakosei upindo. Leo upande mmoja ulikuwa umeinuka vidole viwili, kama kuna kitu kimelisukuma kwa nyuma.

"Kaka," alisema taratibu, "mwambie shemeji yako atoke nyuma ya pazia. Nililipima mwenyewe."

Kisha pazia likasogea, baba mdogo akatoka, amefumbata mikono, ametengeneza uso wa msamaha. "Mwenzangu, nimekuja kuomba radhi tu," akaanza, na kupiga hatua moja.

Mama mdogo alisimama. Hakupiga kelele. Alimpita mumewe kwa macho kama anavyompita mtu asiyekuja kushonewa, akamtazama mjomba. Mjomba aliangalia kalamu.

"Mara tatu ulinirudisha kwake," alisema mama mdogo. "Ya nne umemleta nyumbani kwako anisubiri. Basi, kaka."

Akatundika tepu shingoni. Akanikabidhi begi lenye nakala ya amri, akatangulia. Mke wa mjomba alitaka kusimama mlangoni, lakini bibi, aliyekuwa amekaa karibu na njia, alimshika gauni kwa nyuma akamkalisha, kisha akavuta miguu yake chini ya kochi ili tupite.

"Ukitoka hapo, umetoka!" mjomba alisema nyuma yetu.

Hakugeuka. Tulivuka barabara, tukapita duka la vyuma, tukapita posta, yeye mbele mimi nyuma, jua la saa saba liko utosini. Kwenye kona ya nyumbani hakukata kushoto. Alinyoosha mpaka kituoni, dawati la familia. Yule askari wa kike akainua kichwa, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Kasogea hatua ngapi, mama?"

"Moja," alisema mama mdogo. "Andika moja. Ya pili sikuingoja."

Suruali ya mjomba, aliyoileta ishonwe kabla ya kesi, bado iko kwenye msumari wetu, imekwisha tangu mwezi ule, imepigwa pasi. Ameshatuma watoto mara mbili waseme mama mdogo ailete mwenyewe, waongee. Mama mdogo huwapa watoto maji ya kunywa na kuwaambia duka liko wazi kutwa, mwenye suruali aje. Kwa mjomba hajakanyaga tena.